Mahali Bibi Asipofagia

Ilianza Jumamosi, tarehe 14 Septemba, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Dakika nina hakika nazo kwa sababu nilikuwa nazitazama. Zilikuwa kwenye simu ya mama, simu ilikuwa mkononi mwangu inaita, na kwenye kioo paliandikwa "Mama", yaani bibi yangu wa Igawa. Mbele yangu watoto kumi na tisa wa shule ya Jumapili walikuwa wamechuchumaa nyuma ya kanisa letu hapa Ipogolo, mstari mmoja, kila mmoja na shimo lake na kitunguu chake cha ua.

Simu nilipewa nipige picha za kutuma kwenye kundi la kanisa. Sikupewa nipokee. Lakini Bibi ukimwachia inaita, atapiga mpaka chaji iishe, kwa hiyo nikapokea. Na kama kawaida yangu sikusema kitu. Mimi ni mtu wa kuchelewa kusema haloo. Bibi naye ni mtu wa kutosubiri haloo.

"Mwanangu," akasema, "nani kang'oa maua ya mtoto?"

Alidhani mimi ni mama.

"Nimeenda nyuma ya jiko kumwaga maji, nikapapasa, hamna. Hata moja! Pamelimwa, mwanangu, halafu pamefagiliwa, pamekuwa kama uwanja. Sasa mtoto tutamjulia wapi? Wenzangu wawili niliomlaza nao wote wametangulia. Macho yangu unayajua. Na wewe hukuwepo, ulikuwa ndani unaumwa, hukuonyeshwa. Bila yale maua utaenda kusimama wapi? Unanisikia? Mbona hunijibu? Unalia?"

Nikakata simu.

Niliangalia mikono ya wale watoto. Maua ya mtoto yalikuwa humo. Niliyang'oa mimi, na mimi ndiye niliyefagia.

Mdogo kuliko wote, msichana wa miaka mitano hivi mwenye sweta lililomzidi mikono, akainua uso. "Dada, tuwafunike sasa?"

Sikuweza kusema ndiyo wala hapana. Wao wakaona kunyamaza kwangu ni ndiyo. Wakafunika.

Ngoja niandike nilivyoyapata, maana nikiruka hapa nitakuwa najidanganya.

Wiki ile ilikuwa likizo fupi, nikaenda kwa Bibi. Nyumba yake iko nyuma kidogo ya barabara kuu, malori ya Tunduma yakipita vyombo vinatetemeka kichanjani. Kila asubuhi Bibi anafagia uwanja. Anainama, mkono mmoja mgongoni, mwingine una fagio, anaanzia mlangoni anazunguka nyumba yote. Siku mbili za kwanza nilimfuata nyuma nikiokota takataka, nikaona kitu. Nyuma ya jiko la nje anaacha kipande. Kipande kidogo tu, kama mkeka wa kulazia mtoto. Majani makavu yanabaki pale, masizi yanabaki pale, yeye anapita pembeni. Nikajua ni macho. Nikamwonea huruma. Tangu siku ya tatu nikawa naamka kabla yake, nafagia uwanja wote, na kile kipande nakifagia mara mbili.

Ndipo nilipoona vichwa vya vile vitunguu vimechungulia kwenye udongo. Maua yake nilikuwa nayajua tangu utoto: mekundu, ya mviringo, yamejaa nyuzi kama mpira wa sufi, yanatoka kwenye ardhi tupu kabla ya mvua na kabla ya majani yake yenyewe. Mwalimu wa shule ya Jumapili alikuwa ametangaza kanisa linataka maua ukutani. Na kwenye klabu ya mazingira shuleni tulifundishwa kwamba vikisongamana vinanyongana, inabidi kuvigawa. Nikamfuata Bibi, anapepeta mchele barazani.

"Bibi, naomba maua nikapande kanisani."

"Chukua, mjukuu wangu. Chukua unayoyataka."

Yeye alifikiria yale ya kwenye makopo pale mbele. Ilinibidi niseme tu sentensi moja zaidi, "yale ya nyuma ya jiko." Lakini sentensi ya pili kwangu mimi ni mlima. Sikuisema.

Vilitoka ishirini. Kumi na tisa vilikaa kwa kuzunguka, kimoja kikubwa kilikuwa katikati, chini zaidi, mpaka mkono uliingia nusu. Kile kikubwa kilikuwa kimefungwa shingoni kwa kipande cha kanga. Rangi ilishakwisha, ila kwenye fundo palibaki wekundu kidogo. Nikafikiri ni alama ya mbegu. Nikakifungua, nikakitumia kufungia mdomo wa kiroba. Halafu, kwa tamaa, nikalima ukanda wote kutoka kwenye pipa la maji mpaka kwenye kichanja, natafuta vingine. Hapakuwa na vingine. Nikasawazisha, nikakanyagakanyaga, nikafagia. Mistari ya fagio ilikaa vizuri kama nywele zilizochanwa. Nilijipongeza kabisa.

Kwenye basi siku ya Alhamisi nilikaa na kile kiroba mapajani. Tulipofika Makambako, mama mmoja niliyekaa naye akanigusa bega.

"Binti, mbona unakipigapiga hivyo? Una mtoto humo?"

Nikacheka. Kiganja changu kilikuwa kweli kinakipigapiga, taratibu, na sikumbuki kilianzia wapi.

Sasa turudi kwenye somo la kupanda, nililoachiwa na mwalimu. Niliandaa kurasa mbili. Niliandika habari za udongo, kina, maji, jua. Niliposimama mbele ya watoto sauti ikanikimbia. Nilishika kile kikubwa kiwe cha mfano, nikabaki nakitazama, nao wananitazama. Kwa mbali lori linashuka mlima linapiga breki. Ndipo nikasema kitu ambacho hakikuwa kwenye zile kurasa.

"Huyu ni mtoto. Amelala. Tunamlaza miguu chini, pua juu. Tunamfunika mpaka shingoni, pua tunaiacha nje apumue. Mkishamlaza msimfukue kumwangalia. Ukimfukua anakufa."

Walipenda! Wote wakataka wao.

"Dada, lakini hiki si kitunguu? Kwetu tungekikaanga," akasema mmoja.

"Kaanga ufe, tupate pilau ya msiba," akajibu jirani yake, wakacheka mpaka mmoja akaangukia shimo lake.

Yule mdogo wa sweta hakucheka. Alikiweka chake shavuni. "Wa kwangu ana baridi," akasema. Kisha, "Jina lake nani?"

"Hana jina bado."

"Mama yake yuko wapi?"

Sikumjibu hilo. La jina nililijibu mwenyewe, kwa mdomo wangu, kabla simu haijaita. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo.

Basi. Walipokwisha kufunika, nilitegemea kelele zirudi. Hazikurudi. Walikuwa wanapigapiga udongo kwa viganja, wote kumi na tisa, kwa mapigo ya pamoja, yale ya kumbembeleza mtoto mgongoni. Sikuwafundisha hivyo. Hakuna aliyewaanzishia, au kama yupo sikumwona. Upepo wa Septemba unaopeperusha vumbi la hapa kutwa nzima ulikuwa umetulia, hata karatasi ya kurasa zangu mbili ililala tu chini. Pa, pa, pa. Na mimi miguuni nina shimo la kile kikubwa, sijalifunika.

Nikasema, "Jamani. Tuwafukue."

Viganja vikasimama.

"Si ulisema ukimfukua anakufa?"

"Nilisema, lakini..."

"Sasa wewe ni mwongo, au ndio wanakufa?"

"Wa kwangu kashalala," akasema mwingine. "Mfukue wewe."

Hakuna aliyeinuka. Kila mmoja akaweka mikono juu ya shimo lake, kama anayezuia kifuniko cha sufuria. Nikapiga magoti kwenye la kwanza nikaona siwezi. Kweli nilishindwa. Nilikuwa nafikiri: vikibaki hapa, mama atakwenda Igawa kama anavyokwenda kila mwaka mvua zikikaribia, peke yake, siku mbili, sisi tukiambiwa anamsaidia Bibi kulima. Atafika nyuma ya jiko. Atakuta uwanja.

Mimi hujulikana nyumbani kwetu kama kifungua mimba. Wageni wakija mama ananishika kichwa anasema, huyu ndiye kifungua mimba wangu. Nilianza kukumbuka kwamba kila anaposema hivyo anatazama pembeni.

Na hapo ndipo mama akaja. Alikuwa amewaletea watoto chai na maandazi. Chupa ya chai mkono mmoja, beseni mkono mwingine, anatembea kwa furaha kabisa.

"Kamweneee! Wakulima wangu, mmemaliza?"

"Kamwene," wakajibu, kwa sauti ndogo.

Kiroba kilikuwa nyuma yangu, kile kipande cha kanga nilikuwa nimekikunja kiganjani. Ningeweza kunyamaza. Mambo yote yaliyonifikisha pale niliyafanya kwa kunyamaza, na hili nalo lingepita hivyo hivyo. Angekunywa chai na watoto, angekwenda nyumbani, Bibi angempigia tena jioni.

"Mama," nikasema, "Bibi alipiga. Alidhani ni wewe. Amesema yote na mimi nimesikia. Maua ya nyuma ya jiko niliyang'oa mimi. Ndiyo haya hapa chini. Sikujua, mama."

Sidhani kama niliwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo. Nikafungua kiganja.

Alitua chupa. Alitua beseni. Akachukua kile kitambaa, akalitazama fundo, akakinusa. "Hii kanga nilijifungulia," akasema, kama anayeniambia mimi na kama asiyemwambia mtu. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Ulifagia?"

"Ndiyo, mama. Nilifagia vizuri."

"Ulifagia vizuri," akarudia.

Akakaa chini pale pale kwenye vumbi na sketi yake nzuri. Nilitaka anipige. Hakunipiga. Yule mdogo wa sweta akaacha shimo lake, akaja kusimama mbele yake, uso kwa uso maana mama alikuwa amekaa.

"Mama yake ni wewe?"

Mama akamtazama. "Ndiyo. Ni mimi."

"Anataka kwenda kwao?"

"Anataka, mwanangu. Ana kwao."

Mtoto akarudi kwenye shimo lake, akafukua kwa vidole viwili viwili, akakipangusa chake kwa mkono wa sweta, akamletea. Wengine wakafuata. Hakuna aliyesukumana, na wale ni watoto ambao foleni ya maandazi inawatoa meno. Mmoja mmoja walimwekea mapajani. Vikafika ishirini na kile changu. Yule aliyetaka kukaanga akasema, "Shikamoo," kwa kitunguu. Hakuna aliyemcheka.

Jioni mama alinieleza mengine, tukichambua maharage, bila kuniangalia. Mtoto alikuwa wa kike. Aliishi siku nne. Kwa kina Bibi mtoto hapewi jina mpaka kitovu kidondoke, na asiye na jina hapelekwi makaburini wala hawekewi msalaba. Wanawake wenyewe wanamlaza karibu na jiko, asione baridi, wanaume hawashiki hata jembe. Wanamzungushia maua. Na mahali pake hapafagiliwi, kwa sababu ukipafagia unamfukuza.

"Nilifagia siku tatu," nikasema.

"Najua. Umeshasema."

"Kwa hiyo nimemfukuza?"

Aliokota jiwe kwenye maharage, akalitupa. "Kesho tutajua."

Asubuhi yake, Jumapili, hatukwenda kanisani. Saa kumi na mbili tulikuwa tumesimama barabarani Ipogolo, tumejifunga vitenge mabegani kwa baridi, tukapata basi la Mbeya. Konda alitaka kiroba kikae chini.

"Mama, mzigo weka chini ya kiti."

"Huu haukai chini."

Konda akaangalia mikono ya mama ilivyokikumbatia, akaenda zake. Njia nzima mama hakusinzia. Mkono wake ulikuwa unakipigapiga. Nikaona ni mapigo yale yale, yangu na ya watoto, nikageukia dirishani.

Tulifika Igawa saa nne kasoro. Joto lilikuwa limeshaanza, vumbi limekaa juu ya kila kitu. Bibi alikuwa nyuma ya jiko kwenye kigoda, fimbo mapajani. Tangu niondoke hakuwa amefagia, mguu ulimsumbua.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ndio wewe?"

"Ndio mimi, Bibi."

Alinishika mkono, akanifinya kidole kimoja, akaniachia.

"Onyesha ulipofukua," mama akasema.

Nikaenda na uhakika wote mpaka karibu na pipa. Nikasimama. Ukanda ule wote ulikuwa udongo mmoja, laini sawasawa, na kuku walishaoga vumbi kila mahali. Hapa? Nikasogea. Au hapa? Mama akasema hapana, maua yalikuwa karibu na kichanja. Bibi akasema kichanja kilihamishwa mwaka jana. Akahesabu hatua kutoka mlangoni kwa fimbo, akafika mahali. Akarudi akahesabu tena, akafika pengine. Akatikisa kichwa. Mama alikuwa amesimama na kiroba kifuani, anatazama chini, anaogopa hata kusogeza mguu. Nilielewa. Asingejua anakanyaga nini.

Nilikiona kile kipande kisichofagiliwa akilini, na majani yake makavu. Nikaona mgongo wa Bibi unavyopita pembeni yake. Nikaenda kuchukua fagio nyuma ya mlango.

"Bibi, fagia."

"Nifagie nini, mwanangu, na sioni?"

"Fagia kama siku zote. Anzia mlangoni. Usimfikirie mtu."

"Mguu wangu huu..."

"Nitakushikia fimbo. Niambie habari za yule jogoo wa jirani."

Akainama, mkono mmoja mgongoni. Akaanza. Fagio likaenda shwa, shwa, Bibi akalalamika jinsi jogoo wa jirani anavyokuja kula mchele wake kama ana kadi ya mwaliko, na jirani akiambiwa anasema si wake, basi, akasema, siku nitakayomtia chumvi ndiyo atakuwa wake. Tukapita mlango, tukapita pipa. Vumbi lilikuwa linainuka na mistari inabaki nyuma yake. Mimi nafuata, mama nyuma yangu.

Kisha miguu ya Bibi ikageuka.

Mdomo wake bado ulikuwa kwenye jogoo. Fagio lilikwenda pembeni, likapinda, likazunguka, likarudi upande wa pili, likaendelea mbele. Akaenda zake mpaka kwenye kichanja. Nyuma yake kilibaki kipande kidogo cha vumbi ambacho hakikuguswa, kama mkeka wa kulazia mtoto. Kilikuwa hatua mbili kutoka nilipoonyesha mimi. Ningekula kiapo ni kule. Na juu yake palikuwa na majani makavu manne, yamekaa, ingawa uwanja mzima upepo ulikuwa umeshausafisha.

Mama alitoa sauti. Bibi akasimama, akageuka na macho yake meupe. "Ni hapo?" akauliza. "Nimeacha?"

"Umeacha, mama."

Nikapiga magoti. Sikutumia jembe. Nilianza na kile kikubwa katikati, mkono ukaingia nusu, na mama akakifunga shingoni kitambaa chake kabla sijakishusha. Halafu wale kumi na tisa kwa kuzunguka, miguu chini, pua juu. Kila mmoja nilimfunika mpaka shingoni. Mama na Bibi walisimama juu yangu, na malori yakipita vyombo vililia kichanjani.

Nilipomaliza yale majani manne nikayarudisha. Nikainuka, nikachukua fagio nililolikuta chini, nikaenda kulirudisha nyuma ya mlango kwa kupitia pembeni.